Casio fx-991ES PLUS kwa sampuli ndogo: hodari wa wastani, bubu wa t

Mkoba wa mwanafunzi wa takwimu hapa Zanzibar haukosi Casio. Ikiwa si fx-991ES PLUS, basi ni fx-82MS iliyobaki tangu skuli. Tathmini hii haipiti kila kitufe. Inaangalia kazi moja tu: una vipimo vichache, vitano au vinane au kumi na viwili, na unatakiwa useme wastani wa mzigo mzima uko baina ya namba gani na gani, na kwa uhakika wa kiasi gani. Kwa kazi hiyo fx-991ES PLUS hufanya nusu ya kwanza vizuri sana, na nusu ya pili hakifanyi kabisa. Kutofanya si dhambi kwa kikokotoo cha aina yake. Ubaya ni kwamba kwenye menyu yake kuna kitu kimeandikwa t, na t hiyo siyo ile unayoitafuta, yaani namba ya kupanulia masafa sampuli inapokuwa ndogo.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Kuna shehena ya karafuu kavu inayosubiri kupelekwa kituoni kuuzwa. Magunia manane yamechaguliwa kwa kura, unyevu wa kila moja umepimwa, na zimepatikana asilimia hizi (ni namba za mfano tu): 10.4, 11.8, 11.1, 12.3, 11.2, 12.0, 10.7, 12.1. Tuseme mnunuzi anataka wastani wa unyevu wa shehena usizidi 12. Wastani wa hayo manane ni 11.45, na mwenye haraka atasema mambo yameisha. Hayajaisha, kwa sababu manane mengine yangetoa wastani mwingine.

Kinachotakiwa ni masafa ya uhakika, yaani mpaka wa chini na mpaka wa juu vinavyozunguka wastani huo. Kanuni yake ni fupi: chukua mchepuko sanifu wa sampuli (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), ugawe kwa kipeuo cha pili cha n (idadi ya vipimo), zidisha kwa t, kisha jibu hilo ulitoe kwenye wastani na ulijumlishe kwenye wastani. Jibu lile la katikati tutaliita ukingo. Mchepuko sanifu unaotakiwa ni ule ambao jumla ya miraba ya tofauti za kila kipimo na wastani inagawanywa kwa n kutoa 1, siyo kwa n. Na t inasomwa kwenye jedwali, mstari wa digrii za uhuru n kutoa 1. Kwa magunia manane ni mstari wa 7, na kwa uhakika wa asilimia 95 namba yake ni 2.365.

Kwa nini 2.365 na siyo 1.96 ambayo kila mtu anaikumbuka? Kwa sababu 1.96 inadhani unaujua mchepuko sanifu wa kundi zima. Huujui. Umeukisia kwa namba nane, na makisio ya namba nane hutokea mara nyingi kuwa madogo kuliko ukweli. t inalipa pengo hilo kwa kupanua masafa. Aliyelipigia hesabu jambo hili ni William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, ambaye kazini kwake sampuli zilikuwa chache na haziwezi kuongezwa ovyo. Alichapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha, Student, na ndiyo maana mpaka leo tunasema t ya Student.

Sasa kwenye kikokotoo. Bonyeza MODE, kisha 3 kuingia STAT, kisha 1 kuchagua 1-VAR. Safu ya X inafunguka. Andika 10.4 na =, 11.8 na =, hivyo hivyo mpaka ya nane, halafu AC. AC hapa haifuti data, inaondoa jedwali machoni tu na kukuletea uwanja wa hesabu. SHIFT 1 inafungua menyu ya takwimu, na 4 ni Var. Humo ndani 1 ni n, 2 ni wastani, 3 ni σx (mchepuko wa kugawanya kwa n), 4 ni sx (wa kugawanya kwa n kutoa 1). Anza na n kila mara, kabla hujatazama kitu kingine. Ikija 8, endelea. Ikija 7 au 9, kuna namba umeiruka au umeirudia; SHIFT 1 kisha 2 inakurudisha kwenye safu, ambako namba zote zinaonekana na kila moja inaweza kusahihishwa mahali pake. Hapa ndipo kikokotoo hiki kinapostahili bei yake. Jedwali linaloonekana ni tofauti kubwa kwa mtu anayeingiza vipimo kutoka kwenye karatasi iliyolowa jasho la shambani.

Kwa data yetu kinaonyesha wastani 11.45, σx 0.6538 na sx 0.6990. Unayoitaka ni sx. Halafu hesabu nzima inaandikwa kwenye mstari mmoja, bila kunakili namba yoyote pembeni: SHIFT 1 4 2, jumlisha, 2.365, zidisha, SHIFT 1 4 4, gawanya, alama ya kipeuo, SHIFT 1 4 1, kisha =. Linakuja 12.03. Bonyeza mshale wa kushoto, sogea mpaka kwenye alama ya kujumlisha, ifute kwa DEL, weka ya kutoa, bonyeza =. Linakuja 10.87. Masafa yako ni 10.87 mpaka 12.03. Njia hii ni bora kuliko kuandika 0.7 kwenye daftari na kuanza upya, kwani kila ukikata desimali katikati ya njia unaharibu kidogo, na mpaka ukiwa karibu na namba ya mnunuzi, kidogo hicho ndicho kinachoamua.

Mambo mawili ya kuchunga. Ukitoka STAT kwenda COMP kwa ajili ya hesabu nyingine ndogo, data yote imefutika na hukuulizwa. Vilevile ukiwasha au kuzima safu ya FREQ (idadi ya marudio ya kila namba) kwenye mpangilio ukiwa katikati ya kazi. Safu ya X inabeba namba 80, na FREQ ikiwa imewashwa zinabaki 40. Kwa sampuli ndogo hilo halibani mtu.

Tuje kwenye t ya uongo. SHIFT 1 5 inafungua Distr, na humo kuna P, Q, R na alama ya mshale yenye t mbele yake. Mwanafunzi anayesoma sura ya t ya Student akiiona hiyo anafurahi bure. P, Q na R ni maeneo chini ya mkunjo wa kawaida (ule wenye umbo la kengele), ule wa 1.96, na mshale wa t unachukua kipimo kimoja, unakitoa wastani na kukigawa kwa σx. Ukiandika 12.3 ukaufuatishia mshale huo utapata 1.30, maana yake gunia la 12.3 liko michepuko 1.30 juu ya wastani. Hakuna digrii za uhuru popote. Jaribu mwenyewe: P ya 1.96 inatoa 0.975. Ingekuwa ni t ya Student yenye digrii 7 ingetoa 0.955. Na P ya 2.365, ambayo kwa t ingekuwa 0.975, hapa inatoa 0.991. Anayejaribu kutafuta t yake kwa njia hiyo ataishia kwenye 1.96 kila mara, awe na magunia manane au mia nane.

Ndugu yake aliyekuja baadaye, fx-991EX, ana menyu nzima ya Distribution. Nayo ina mgawanyo wa kawaida, ule wa kinyume chake, binomia na Poisson, lakini t haimo. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ukipanda daraja la bei utaipata. Casio wanaiweka kwenye vikokotoo vya grafu kama fx-9860, na Texas Instruments wanayo kwenye TI-84 Plus (STAT, kisha TESTS, kisha TInterval), lakini hivyo ni vifaa vya fedha nyingine kabisa, na kwa kazi hii peke yake hatuvipendekezi.

Kuna mlango wa nyuma kwa wanaopenda kuhakikisha. fx-991ES PLUS kinajua kufanya integrali, kwa hiyo kinaweza kulithibitisha jedwali la t lililochapwa vibaya, na yapo. Kwa digrii 7, ukiwa COMP, andika integrali ya 0.384992 × (1 + X² ÷ 7) kwa kipeo cha kutoa 4, kuanzia 0 mpaka 2.365. Inakuja 0.475, na mara mbili yake ni 0.95. Fanya hivyo kabla ya kuingiza data, maana integrali haifanyi kazi ndani ya STAT, na tumeshasema kuhama kunafuta kila kitu. Kwa matumizi ya kila siku ni kujitesa. Dawa ya kweli ni kipande cha karatasi.

Kikate kiingie ndani ya kifuniko cha kikokotoo, na uandike humo t za uhakika wa asilimia 95, pande mbili, kwa digrii za uhuru: 2 ni 4.303; 3 ni 3.182, 4 ni 2.776, 5 ni 2.571, 6 ni 2.447, 7 ni 2.365, 8 ni 2.306, 9 ni 2.262, 10 ni 2.228, 11 ni 2.201, 14 ni 2.145, 19 ni 2.093, 24 ni 2.064, 29 ni 2.045. Juu kabisa andika kwa herufi kubwa: MSTARI NI n KUTOA 1. Bila maneno hayo mtu mwenye magunia manane anakwenda mstari wa 8. Kwa kipande hicho fx-991ES PLUS kinakamilika. Bila hicho ni mashine ya wastani.

Tazama pia jinsi namba zinavyoshuka. Kutoka vipimo vitatu kwenda vinne t inaanguka kutoka 4.303 mpaka 3.182, kutoka ishirini kwenda ishirini na tano ni mabadiliko ya senti. Mkulima wa mwani aliyepima kamba tatu tu akiongeza moja anafaidika kuliko mwenye kamba ishirini akiongeza tano. Anayepanga majaribio kwa bajeti nyembamba aanze kuangalia hapo.

Makosa yanagharimu nini? Turudi kwenye magunia. Ukitumia σx badala ya sx, na 1.96 badala ya 2.365, masafa yanakuwa 11.00 mpaka 11.90. Yote yako chini ya 12, shehena inapita, watu wanapeana mikono. Hesabu sahihi ilisema 10.87 mpaka 12.03, yaani 12 imo ndani na jambo bado halijathibitika. Namba nane zilezile, vitufe viwili tofauti. Ukitumia sx sahihi lakini ukabaki na 1.96, unapata 10.97 mpaka 11.93, ambayo nayo inapitisha. Masafa hayo yanaandikwa asilimia 95, lakini kwa sampuli ya nane uhakika wake wa kweli ni kama asilimia 91. Ukichanganya makosa yote mawili ni 89. Kwa sampuli ya nne, 1.96 pamoja na sx sahihi inakupa 85.5 tu. Ndiyo maana kosa hili halionekani kwa mwenye sampuli ya mia na linamuumiza mwenye sampuli ya nne.

Kosa la tatu ni la safu ya jedwali. Majedwali mengi ya vitabuni yanaorodhesha eneo la mkia mmoja, na safu ya 0.05 kwa mstari wa 7 inatoa 1.895. Hiyo ni ya masafa ya asilimia 90 pande mbili. Kwa 95 unataka safu ya 0.025. Lakini tusiionee 1.895. Kama swali lako tangu mwanzo lilikuwa la upande mmoja, yaani "je, wastani unazidi 12?", na hujali mpaka wa chini, basi 1.895 ndiyo namba yako, na unatoa mpaka wa juu tu: 11.92. Sharti ni kwamba uamuzi huo ufanywe kabla ya kupima. Anayepiga hesabu ya pande mbili, akaona 12.03 haimfai, kisha akakumbuka kuwa swali lake lilikuwa la upande mmoja, huyo anatafuta jibu analolitaka.

Kosa la nne halina kitufe. Watu husema "asilimia 95 ya magunia yana unyevu baina ya 10.87 na 12.03". Si kweli, na data yenyewe inakataa: katika manane, manne (10.4, 10.7, 12.1 na 12.3) yako nje. Masafa ni ya wastani, hayahusu gunia mojamoja. Na ile 95 ni sifa ya njia: ukirudia kuchagua magunia na kupiga hesabu hii mara nyingi, masafa utakayoyapata yataunasa wastani wa kweli karibu mara 95 katika kila 100.

Vipi fx-82MS? Kwa kazi hii, na tunalisema hili bila kusita, kinatosha. Namba kinazotoa ni zilezile, bei yake ni ya chini, na t hakina kama mwenziwe asivyokuwa nayo. Tofauti ni usumbufu. Kwanza safisha kumbukumbu: SHIFT, CLR, 1, =. Hatua hii hairukwi, kwa sababu data ya jana inabaki humo na ya leo inaongezwa juu yake. Kisha MODE 2 kuingia SD. Kila namba inaingizwa kwa M+, na skrini inakuhesabia n. Ukibonyeza M+ mara mbili kwa bahati mbaya, namba inaingia mara mbili. Ndivyo kilivyotengenezwa, kwa ajili ya wenye data inayojirudia. Kwa hiyo kidole kizito kinageuza magunia manane kuwa tisa, na kosa halipigi kelele. SHIFT 1 kisha 3 inakupa n, SHIFT 2 kisha 1 wastani, na SHIFT 2 kisha 3 ndiyo xσn-1 unayoitaka. Ile 2 ni xσn, iache. Hakuna jedwali la kutazama namba zote kwa pamoja. Kuna mshale wa kupita moja baada ya moja. Kwa vipimo sita hilo linavumilika. Kwa ishirini na tano, hapana.

Mpinzani wa kweli wa vyote viwili yumo mfukoni tayari. Lahajedwali kwenye simu, iwe Excel au Majedwali ya Google, inayo t. Weka data kwenye A1 mpaka A8 na uandike =CONFIDENCE.T(0.05,STDEV.S(A1:A8),COUNT(A1:A8)). Jibu, 0.584, ni ukingo. Litoe kwenye AVERAGE kisha lijumlishe. Kazi imekwisha, hakuna karatasi ya kifunikoni. Lakini lahajedwali ina mitego yake, na ni mingi kuliko ya Casio.

Mtego mkubwa ni jina. Kuna CONFIDENCE.T, kuna CONFIDENCE.NORM, na kuna CONFIDENCE tupu ya zamani. Hizo mbili za mwisho zinatumia mkunjo wa kawaida, na kwa data yetu zinatoa 0.484. Anayeandika herufi chache za mwanzo na kugusa pendekezo la kwanza anaipata 1.96 bila kujua. Pili, namba ya kwanza ndani ya mabano ni 0.05, siyo 0.95. Ukiweka 0.95 unapata ukingo wa 0.016, na masafa membamba kama uzi yanayofurahisha kila mtu. Tatu, T.INV na T.INV.2T si kitu kimoja: T.INV.2T ya 0.05 na 7 ni 2.365, lakini T.INV ya 0.05 na 7 ni kutoa 1.895. Ukitaka kutumia T.INV lazima uandike 0.975. Kompyuta yenye Excel iliyotangulia toleo la 2010 haina CONFIDENCE.T, humo tumia TINV ya 0.05 na 7, ambayo nayo ni ya pande mbili.

Na sababu ya kuweka COUNT badala ya 8 ni hii: mtu akiandika "11.8 unyevu", kisanduku kinakuwa maandishi. AVERAGE na STDEV.S vinakiruka kimyakimya. Kama umeandika 8 kwa mkono, ukingo unagawanywa kwa kipeuo cha nane wakati namba ni saba. COUNT inahesabu namba tu, kwa hiyo angalau hesabu inakuwa ya kweli, na ukiiona 7 unajua kuna kisanduku cha kukitafuta.

Kwa nani basi kikokotoo bado kinafaa? Kwa mwenye mtihani, kwanza, ambako simu haiingii. Na kwa bwanashamba aliye Micheweni na mvua inatishia karafuu juu ya majamvi, ambaye anataka jibu kabla hazijakusanywa. fx-991ES PLUS kinatumia mwanga pamoja na betri ndogo ya LR44, hakitafuti chaji wala mtandao.

Kuna vitu ambavyo hakuna kifaa kati ya hivi kitakachokuokoa navyo. Casio haijui kama magunia yalichaguliwa kwa kura au ni yale ya mlangoni. Haijui kama bambo lilichomwa mpaka katikati ya gunia au lilikwangua juu, palipokaukia jua. Haijui kama vipimo vinane vimetoka magunia manane au gunia moja lililopimwa mara nane; hayo ya pili, hata yaandikwe n = 8, yanakupa habari za gunia moja tu. Haijui pia umbo la data. Hesabu ya t kwa sampuli ndogo inadhani vipimo vimejipanga karibu na mkunjo wa kawaida, na unyevu wa karafuu zilizoanikwa pamoja mara nyingi hauendi mbali na hapo. Samaki wa usiku mmoja ni habari nyingine: mashua saba zina kilo chache, ya nane imekutana na kundi. Hapo wastani na sx vyote vinaburutwa na namba moja. Njia ya kawaida ni kuingiza ln ya kila kipimo, kupiga masafa, kisha kuyarudisha kwa e. Ujue tu kwamba yanayorudi ni masafa ya wastani wa kijiometri, ambao ni mdogo kuliko wastani ulioulizwa.

Na kuna jambo moja linalompendelea mwenye magunia, ambalo vitabu vya skuli hulipitia haraka. Kama shehena nzima ni magunia 40 na umepima 8, umeshaona sehemu ya tano ya kundi. Swali likiwa ni la magunia 40 hayo hayo, siyo la shamba wala msimu, ukingo unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha (40 kutoa 8) gawanya kwa (40 kutoa 1), yaani 0.906. Ukingo unashuka kutoka 0.584 mpaka 0.529, na masafa yanakuwa 10.92 mpaka 11.98. Sasa 12 iko nje, na hakuna hila iliyofanyika. Desturi ni kutumia marekebisho haya sampuli inapozidi asilimia 5 ya kundi. Kwenye Casio ni suala la kuongeza × 0.906 mwishoni mwa ukingo. Kwenye lahajedwali nako unaiandika mwenyewe, CONFIDENCE.T haina nafasi yake.

Ikiwa 10.87 mpaka 12.03 ni mapana mno na unaweza kurudi kupima zaidi, kikokotoo kinakusaidia kujua mangapi. Unataka ukingo wa 0.3, na sx ni karibu 0.7. Anza na 1.96 × 0.7 ÷ 0.3, kwa mraba: 20.9, sema 21. Lakini kwa 21 t ni 2.086, kwa hiyo rudia: 23.7, sema 24. Kwa 24 t ni 2.069, rudia: 23.3, bado 24. Simama hapo. Anayeishia hatua ya kwanza anapungukiwa magunia matatu.

Ukienda kununua, Darajani au Chake, usitoke dukani bila kujaribu. Ingia STAT, weka 1, 2, 3, 4, 5. Wastani lazima uwe 3, σx 1.414213562, sx 1.58113883. Kisha SHIFT 1 5 1, andika 1.96, funga mabano, =, na ije 0.975. Kisichotoa namba hizo mrudishie mwenyewe, hata kama jina la Casio limeandikwa juu yake kwa wino mzuri. Na ukiwa na fx-82MS nyumbani inayofanya kazi, usinunue chochote. Kata karatasi ya t uibandike kwenye kifuniko.